Mnara Kabla ya Mtaro: Jinsi Mawasiliano Yalivyofika Uvira

Mji wa Uvira umebanwa kati ya maji na mlima. Mashariki kuna Ziwa Tanganyika. Magharibi milima ya Mitumba inapanda ghafla kuelekea nyanda za juu za Itombwe, na katikati umebaki ukanda mwembamba wenye barabara moja kubwa, ile ya taifa namba 5, inayotoka Bukavu, ikapita Kamanyola, ikashuka hadi Baraka na Fizi. Kwa fundi wa redio, umbo hili la nchi ni neema, kwa sababu antena moja ikisimikwa mlimani inaona mji mzima, bonde la Ruzizi na hata taa za Bujumbura ng'ambo ya pili. Kwa fundi wa kuchimba mtaro wa faiba, umbo hilohilo ni mateso. Njia ni moja tu, inavuka Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, na mito hiyo ikifurika haiulizi nani amezika nini kandokando yake. Historia ya mawasiliano ya mwambao huu imo ndani ya tofauti hiyo. Kila kizazi kilipata namna ya kurusha ujumbe juu ya ardhi, na kwa kuwa kilifaulu kuurusha, hakikulazimika kuichimba ardhi yenyewe. Ninadai kwamba kufaulu huko kwa redio, kukichanganyika na siasa iliyotaka kila waya uelekee Kinshasa ilhali njia fupi ya kwenda baharini inaelekea mashariki, ndiko kulikoichelewesha intaneti ya kasi Uvira zaidi kuliko vita na umaskini ambavyo kwa kawaida hubebeshwa lawama yote.

Kutoka mtumbwi hadi waya uliokatwa, 1858–1914

Mwezi Aprili 1858, Richard Burton na John Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuta kituo ambacho kwa wafanyabiashara wa pwani kilikuwa mwisho wa safari upande wa kaskazini, na wakaambiwa na wenyeji kwamba Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Wazungu walibishana juu ya mto huo hadi Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipokwenda kuuona kwa macho yao. Kwa mada yetu, mto si kitu. Njia ndiyo muhimu. Bidhaa, watu na habari zilifika Uvira kutoka Ujiji, na Ujiji ilizipata kutoka Tabora na Bagamoyo. Habari ya Zanzibar ilifika kwa miguu ya wapagazi na makasia ya wavuvi, polepole lakini kwa uhakika, na ilitoka mashariki. Kiswahili chenyewe kilipanda mwambao kwa njia hiyohiyo.

Mipaka ya kikoloni ikaukata mhimili huo. Baada ya 1885 upande wa magharibi wa ziwa ulikuwa wa Mfalme Leopold, na wa mashariki ukawa wa Wajerumani. Cecil Rhodes, aliyeota waya wa telegrafu kutoka Cape hadi Cairo, alipata mwaka 1899 ruhusa ya Wajerumani ya kupitisha waya katika eneo lao, nao ukapanda hadi Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20. Ukaishia hapo. Rhodes alifariki mwaka 1902 na hakuna aliyeuendeleza. Dola ya Kongo nayo ilikuwa imeanza waya wake kutoka Boma kwenda Léopoldville, kwa kufuata reli na mto, ukitokea Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo nyaya mbili zilitambaa kutoka bahari mbili, na ncha ya kaskazini ya ziwa ikabaki katikati bila kufikiwa na hata mmoja.

Serikali ya Ubelgiji iliona mapema kwamba kuvuta waya katika nchi yote ni kazi isiyoisha. Miti iliuangukia, nguzo ziliozeshwa na mvua na mchwa, na kila hitilafu ilihitaji msafara wa kuitafuta. Ndipo kuanzia 1911 Mfalme Albert akamtuma Robert Goldschmidt kujenga mlolongo wa vituo vya redio ya telegrafu kutoka Boma hadi Katanga. Wakati ule huo ulikuwa miongoni mwa mitandao mikubwa zaidi ya redio barani Afrika. Ulikuwa uamuzi wa busara kwa mazingira yake, na mimi nauona kuwa ndio mwanzo wa mazoea yote yaliyofuata: ardhi ikiwa ngumu, ruka juu yake. Makao makuu yalipata mawasiliano ya haraka kati ya vituo vya utawala, na vijiji vilivyokuwa katikati ya vituo hivyo havikupata kitu, kwa maana redio hupita juu ya kichwa cha mtu bila kumwachia hata nguzo ya kuegemea.

Mwambao wa Tanganyika ulikuwa na waya wa simu wa kuunganisha vituo vichache vya Wabelgiji, nao haukuchukua muda kuonyesha udhaifu wake. Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache baada ya vita kuanza Ulaya, Wajerumani waliishambulia bandari ya Mokolobu, kusini kidogo ya Uvira. Walizamisha mitumbwi, wakashuka nchi kavu na kukata waya wa simu. Wiki moja baadaye meli yao Hedwig von Wissmann ikashambulia Lukuga, Kalemie ya leo. Shambulio la kwanza dhidi ya Kongo ya Wabelgiji katika vita hivyo likawa pia shambulio dhidi ya chombo cha mawasiliano. Askari wa kila upande walijifunza kwamba adui wa waya ulio ardhini ni yeyote mwenye panga, na somo hilo limerudiwa mara nyingi tangu hapo, ingawa siku hizi panga limebadilika kuwa tingatinga au bomu.

Chini ya bendera moja, kisha mbili, 1914–1996

Miaka arobaini iliyofuata naweza kuipita kwa haraka. Reli ilifika Kalemie mwaka 1915, Wabelgiji wakaingia Usumbura, Bujumbura ya leo, Juni 1916, na baada ya vita wakakabidhiwa Ruanda-Urundi. Kwa mara ya kwanza pande zote mbili za ncha ya kaskazini zikawa chini ya mtawala mmoja. Ingetarajiwa kwamba Uvira na Usumbura zingefungwa pamoja kama mji mmoja wenye mto katikati. Kwa biashara ilikuwa hivyo kwa kiasi fulani, lakini kiutawala Usumbura ikawa makao ya Ruanda-Urundi, Costermansville, ambayo leo ni Bukavu, ikawa makao ya Kivu, na Uvira ikabaki kituo cha wilaya na bandari ya Kalundu. Katika mfumo ambao simu na telegrafu zilifuata ngazi za utawala, mji usio makao ya mtu mkubwa ulipewa kilichobaki.

Uhuru wa Kongo mwaka 1960 na wa Burundi mwaka 1962 uliufanya mpaka wa Kavimvira kuwa mpaka wa mataifa mawili. Simu ya kwenda Bujumbura, mji unaoonekana kwa macho jioni, ikawa simu ya kimataifa. Waasi waliiteka Uvira mwaka 1964, vita vikadumu katika milima ya Fizi, na serikali ilipoirejesha nchi mikononi mwake ilikuwa imejifunza kuiogopa pembe hii ya mashariki. Chini ya Mobutu, posta na simu zilikuwa mali ya shirika moja la umma. Katika miaka ya 1970 Zaire, jina la Kongo la wakati huo, ilijenga vituo vya setilaiti kwa ajili ya miji mikuu ya mikoa, ili sauti na picha ya rais ziwafikie raia wote. Tena teknolojia iliyoruka juu ya ardhi ikachaguliwa. Tena mji usio makao makuu ukategemea kile kilichodondoka kutoka Bukavu.

Kisha mfumo wenyewe ukaoza. Mishahara ya mafundi haikulipwa, vipuri havikuja, na uporaji wa Septemba 1991 na Januari 1993 ulimaliza sehemu kubwa ya kile kilichobaki cha simu za mezani katika miji ya Zaire. Wenye fedha walikimbilia Telecel, kampuni iliyoanzishwa na Miko Rwayitare na Joseph Gatt na kuleta simu za mkononi Kinshasa mwaka 1986, miongoni mwa za kwanza barani. Bei zake zilikuwa za mawaziri na wafanyabiashara wakubwa. Wengine wote wa Kivu walitumia foni, yaani redio ya mawimbi mafupi iliyokuwa katika parokia, hospitali, ofisi za mashirika na maduka ya wafanyabiashara. Mtu alikwenda akasubiri zamu yake, akasema habari ya msiba au bei ya samaki mbele ya watu wote waliokuwa wakisikiliza, akalipa, akaondoka. Siri haikuwapo, lakini kazi ilifanyika. Foni ilithibitisha jambo ambalo wachumi wa simu walichelewa kulielewa: watu maskini hulipia mawasiliano pale yanapopatikana, kwa sababu kutokuwa nayo ni ghali zaidi.

Minara katika vita, 1996–2009

Vita vilivyomwangusha Mobutu vilianzia hapa. Uvira ilianguka mikononi mwa waasi wa AFDL mwishoni mwa Oktoba 1996, kabla ya Bukavu na Goma. Mwaka 1998 vita vya pili vikaanza, kundi la waasi la RCD likatawala mashariki, na nchi ikagawanyika hata katika hewa: kampuni zilizofanya kazi Kinshasa hazikufika upande wa waasi, na katika maeneo ya RCD ikazuka kampuni ya Supercell. Ni katika miaka hiyohiyo ya mgawanyiko ambapo simu ya mkononi ilikua kwa kasi kuliko kitu kingine chochote nchini. Alieu Conteh, mfanyabiashara mzaliwa wa Gambia, hakupata kiwanda kilichokubali kumpelekea mnara Kinshasa wakati vita vinakaribia, akawalipa watu wakusanye vyuma chakavu na kuuchomelea mnara wa kwanza wa kampuni yake. Baadaye aliungana na Vodacom ya Afrika Kusini, na Vodacom Congo ikafunguliwa mwaka 2002. Celtel ilikuwa imetangulia kidogo, ikawa Zain, kisha Airtel baada ya Bharti ya India kununua biashara yake ya Afrika mwaka 2010. Oktoba 2002 zikatungwa sheria mbili, moja ya mawasiliano na nyingine ya kuunda mamlaka ya udhibiti, ARPTC.

Kusema kwamba vita vilizuia mawasiliano kwa hiyo si sahihi hata kidogo. Vita vilizuia aina moja ya mawasiliano na kuisukuma mbele nyingine. Mnara ni kitu kinachoweza kulindwa: una uzio, mlinzi, jenereta, na mara nyingi mazungumzo na kamanda wa eneo. Mtaro wa kilomita mia moja na ishirini au zaidi kutoka Bukavu hadi Uvira hauwezi kulindwa namna hiyo. Mwekezaji mwenye dola za kuhesabu alijenga minara, akaunganisha mnara na mnara kwa mawimbi ya maikrowevu, na pale maikrowevu yalipokwama akaweka sahani ya setilaiti. Mlima ulio nyuma ya Uvira ulimsaidia bila malipo.

Hapo ndipo tatizo lilipojificha, na inafaa nilieleze polepole kwa sababu watumiaji wengi hawalioni. Mnara hauna intaneti yake wenyewe. Simu inaongea na mnara kwa redio, lakini mnara lazima nao uwe na njia ya kupeleka mazungumzo hayo kwenye kituo kikuu, na kituo kikuu kiwe na njia ya kufika baharini, kwenye mikongo inayounganisha mabara. Sehemu hii ya katikati, kati ya antena na bahari, ndiyo inayoamua kasi na bei. Kwa sauti, njia nyembamba inatosha, kwani mazungumzo ya simu hubanwa yakachukua nafasi ndogo sana. Kwa video, mafunzo ya mtandaoni, picha za eksirei zinazotumwa kwa daktari wa mbali au hesabu za benki, njia hiyo hujaa mara moja. Mtandao uliojengwa miaka ya 2000 ulikuwa mzuri kwa kazi iliyokusudiwa, yaani sauti na ujumbe mfupi. Mahitaji yalipobadilika, minara ilivikwa mitambo ya 3G, na baada ya leseni za 2018 ile ya 4G, huku njia ya katikati ikibaki nyembamba vilevile katika sehemu nyingi za mashariki. Alama ya 4G kwenye kioo cha simu inaeleza kiungo kati ya simu na mnara tu, basi.

Bahari mbili, 2009–2020

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi kwenye mwambao wa Afrika Mashariki, TEAMS ukafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Kwa mara ya kwanza nchi za mashariki mwa bara ziliacha kutegemea setilaiti. Tanzania ilikuwa tayari inajenga Mkongo wa Taifa, kazi iliyofanywa na kampuni ya China CITCC, na iliupeleka hadi mipakani, pamoja na mpaka wa Burundi. Burundi nayo iliunda ubia wa serikali na kampuni za simu ulioitwa Burundi Backbone System, ukasaidiwa na fedha za Benki ya Dunia, na ukatandaza zaidi ya kilomita 1,000 za faiba katika mikoa ya nchi. Bujumbura, ambayo kwa Mvira ni mji jirani wa sokoni, ikawa mji wa faiba.

Kongo ilielekea upande mwingine. Mkongo wa WACS ulitua Muanda, kwenye mwambao mfupi wa Atlantiki, na baada ya kucheleweshwa ulizinduliwa Julai 2013, ukiunganishwa na Kinshasa kwa waya wa nchi kavu uliojengwa kwa mkopo wa China. Sheria ya 2002 ilikuwa imekabidhi mtandao wa msingi kwa mwendeshaji wa umma, ambaye siku hizi anaitwa SCPT. Mpango ulikuwa kwamba faiba ingetoka Muanda, ipande Kinshasa, kisha isambae nchi nzima. Pima umbali uone ugumu wake: kwa mstari ulionyooka Uvira iko karibu kilomita 1,900 kutoka Muanda, na takriban kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam au Mombasa. Zaidi ya hapo, zile 1,900 ni za msitu, mito na barabara zilizokatika, ilhali katika zile 1,200 sehemu kubwa ya faiba ilikwisha kuzikwa na watu wengine kwa gharama yao. Kilichobaki ni kipande cha kutoka Bujumbura kupitia Gatumba hadi Kavimvira, safari ambayo basi dogo huimaliza kwa saa moja kama maafisa wa mpakani hawana haraka ya chai.

Kuna pingamizi la heshima kwa hoja hii. Taifa, wanasema watetezi wa njia ya Muanda, haliwezi kukabidhi mawasiliano yake kwa majirani, hasa majirani ambao majeshi yao yameingia ardhini mwake zaidi ya mara moja. Anayeshika waya anaweza kusikiliza, kutoza anavyotaka, au kuzima. Siwezi kulidharau pingamizi hilo nikijua yaliyotokea Kivu tangu 1996. Lakini jibu la hofu ya kuzimwa ni kuwa na njia zaidi ya moja, na njia ya Atlantiki imejionyesha kuwa si salama zaidi. Januari 2020 WACS ilipata hitilafu na watumiaji wa Kongo wakaisikia. Agosti 2023 maporomoko ya chini ya bahari katika korongo la Mto Kongo yaliukata mkongo huohuo pamoja na SAT-3. Mto wenyewe wa taifa ndio uliofanya hivyo. Machi 2024 mikongo kadhaa ilikatika karibu na Abidjan. Mashariki nako hakuna malaika: Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja na kuzorotesha intaneti ya Tanzania na nchi jirani. Mji ulio katikati ya bahari mbili, kama Uvira, ungeweza kufaidi zote. Hadi wakati huo ulikuwa unafaidi mabaki ya zote.

Tena, aliyezima mara nyingi zaidi hakuwa jirani. Januari 2015, wakati wa maandamano dhidi ya sheria ya uchaguzi, serikali ya Kinshasa ilikata intaneti na watumiaji wa simu wakakaa wiki kadhaa bila huduma. Desemba 2016 ilibana mitandao ya kijamii. Kuanzia 31 Desemba 2018, baada ya kura ya urais, intaneti ilizimwa kwa siku ishirini hivi. Katika miji ya mpakani watu walitia laini za nchi jirani kwenye simu zao na kuendelea na kazi, maana mawimbi hayasomi ramani. Serikali iliyohofia kwamba mgeni angewazimia raia wake intaneti iliwafundisha raia hao kuomba hifadhi kwenye mnara wa mgeni.

Pingamizi la pili ni la umaskini: hata faiba ikija, nani atalipa? Historia ya foni imekwisha kujibu nusu ya swali hili. Nusu nyingine ilijibiwa na serikali bila kukusudia. Septemba 2020 ilianzisha RAM, rejista ya simu za mkononi, ambayo ada yake ya mwaka ilikatwa moja kwa moja kwenye salio la mtumiaji. Watu walilalamika kwa miezi, bunge likaingilia, na mwaka 2022 ada ikafutwa. Kama raia wa Kongo wasingekuwa na kitu cha kulipia mawasiliano, serikali isingeona kuna cha kukata. Tatizo la bei liko upande wa muuzaji, ambaye ananunua njia nyembamba na ghali ya kufika baharini, anachoma dizeli kuendesha minara pale umeme wa shirika la SNEL unapokatika, na analipa kodi na ada za ofisi nyingi kabla hajauza megabaiti ya kwanza. Inasikitisha kidogo kukumbuka kwamba mitambo ya umeme ya Ruzizi, ambayo wa kwanza wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1950, iko palepale juu ya bonde.

Wapo walioamua kutosubiri. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, Mwami Roger Ntambuka alishirikiana na shirika la Ensemble Pour la Différence na wabunifu wa Fjord kujenga Pamoja Net, mtandao wa Wi-Fi wa jamii uliopokea ishara kwa redio na kuigawa kijijini. Wakazi walipata huduma, taasisi zikachangia gharama. Ni mfano mzuri wa usimamizi, na Uvira na Baraka zina vyama na parokia zinazoweza kuuiga. Lakini hata Pamoja Net ni redio juu ya redio. Uligawa kwa haki kile kilichofika kisiwani, haukuongeza upana wa njia ya kukifikisha.

Maji, anga na bunduki, tangu 2020

Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba ziliharibika, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila makazi. Katika miezi na miaka iliyofuata Ziwa Tanganyika lenyewe likapanda, likaingia mitaa ya kandokando na kuifunika mara kwa mara barabara ya Kavimvira na ile ya Gatumba. Yeyote anayependekeza faiba ya mwambao, nikiwemo mimi, lazima ajibu hili. Kipande kifupi kuliko vyote kati ya Uvira na dunia ndicho kinachozama. Mtaro wa sentimita chache kandokando ya lami hautadumu misimu miwili. Njia inabidi ipande kwenye miguu ya mlima, ivuke mito kwa madaraja yaliyojengwa upya yenye mabomba yake tangu siku ya zege, au ipite juu ya nguzo za umeme. Sehemu kubwa ya gharama ya faiba ni kuchimba, waya wenyewe ni rahisi, hivyo kila daraja linalojengwa tena bila kuachiwa bomba tupu ni fedha zitakazotolewa mara mbili. Kuhusu ziwa, Tanzania imetangaza mpango wa kupitisha mkongo chini ya maji kutoka upande wa Kigoma hadi Kongo. Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, kazi si ndogo, ila chini ya maji hakuna kizuizi cha barabarani.

Wakati huo sheria ilibadilika. Novemba 2020 ilitungwa sheria mpya ya mawasiliano, iliyofungua zaidi soko la miundombinu na kuweka mfuko wa huduma kwa wote kwa ajili ya maeneo yasiyovutia wawekezaji. Julai 2021 kampuni za Liquid na Facebook zikatangaza ujenzi wa kilomita 2,000 za faiba kuvuka Kongo, kuelekea kuziunganisha bahari mbili. Ramani ya faiba nchini ikaanza kuonekana kama ramani. Ncha ya kaskazini ya Tanganyika, hata hivyo, bado ilikuwa pembeni ya mistari yake minene.

Ndipo anga likarudi, safari hii likiwa na setilaiti za karibu za Starlink. Rwanda iliikaribisha mwanzoni mwa 2023. Kongo ilikataza vifaa vyake Machi 2024 kwa hoja ya leseni na usalama, kisha ARPTC ikaipa kibali Mei 2025. Wengi wanasema sasa mjadala wa mtaro umekwisha: kwa nini kuchimba wakati sahani ya mezani inatoa kasi kubwa kuliko mnara? Kwa hospitali ya Fizi au shule ya Itombwe wana haki, na ningekuwa mkurugenzi wa hospitali hiyo ningenunua leo. Kwa mji wenye mamia ya maelfu ya watu hesabu inageuka. Uwezo wa setilaiti hugawanywa na wote walio chini ya boriti moja, kifaa kinagharimu mapato ya miezi mingi ya mchuuzi wa Kalundu, na kampuni moja iliyo ng'ambo inaweza kufungiwa kwa barua moja, kama Machi 2024 ilivyoonyesha. Hoja ya Starlink ni hoja ya Goldschmidt ikiwa imevaa nguo mpya, na matokeo ya ile ya kwanza tunayajua.

Vita vilirudi pia. Waasi wa M23 walichukua Goma Januari 2025 na Bukavu Februari, serikali ya mkoa wa Kivu Kusini ikahamia Uvira, na mji ambao kwa zaidi ya karne ulinyimwa mawasiliano kwa kutokuwa makao makuu ukawa makao makuu ghafla, na laini zilezile. Desemba 2025 M23 iliingia Uvira nayo, mpaka wa Burundi ukafungwa, na Januari 2026 wapiganaji wakaondoka. Mtu anaweza kuuliza kama kuna maana ya kuzungumzia faiba katika hali hii. Burundi ilianza mkongo wake miaka michache baada ya kundi la mwisho la waasi kuweka silaha chini, na minara ya Kongo yenyewe ilisimama kukiwa bado na mapigano. Kinachohitaji amani ni kuchimba. Kupanga njia, kukubaliana na Bujumbura juu ya bei ya kupitisha, kuandika ndani ya kila mkataba wa daraja kwamba litakuwa na mabomba, hayo yote hufanyika ofisini.

Mwaka 2025 Vodacom na Orange zilitangaza ubia wa kujenga hadi minara 2,000 ya nguvu ya jua vijijini Kongo katika miaka sita. Kama baadhi yake itasimama kati ya Kamanyola na Baraka, dizeli itapungua na vijiji visivyokuwa na ishara vitaipata. Swali la kuwauliza wahandisi wake, kabla ya mnara wa kwanza wa Ruzizi kusimikwa, ni mnara huo utapeleka data wapi baada ya mlima: Bukavu kwa maikrowevu, angani kwa setilaiti, au Kavimvira kwa waya uliozikwa juu ya usawa ambao ziwa lilifikia.